Tovuti zinapohama, njia za zamani zisizibwe

Alasiri moja nilikuwa nimeketi barazani kwa mzee mmoja wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale, alipopita mgeni aliyeshika bahasha kuukuu. Akauliza ilipo Salim Road. Vijana waliokuwapo wakatazamana. Jina hilo hawakupata kulisikia. Mzee wala hakuinuka. Alimwambia, "Salim Road ndiyo Digo Road ya sasa, mwanangu. Shika ndia hino hata Biashara Street. Ukitokeza mwishowe, ushafika." Mgeni akashukuru, akaenda zake.

Kisiwa hiki cha Mombasa kimebadilishiwa majina mengi ya barabara tangu uhuru. Salim Road imekuwa Digo Road, nayo Kilindini Road imekuwa Moi Avenue. Hata hivyo, mwenye barua au hati ya zamani hakupotea, kwa kuwa wapo watu waliobaki na majina yote mawili vichwani mwao. Katika mtandao wa intaneti hali si hiyo. Huko hapana mzee wa barazani isipokuwa yule aliyewekwa kwa makusudi, na aghalabu hawekwi. Hilo ndilo nitakalo kulizungumza leo, kwa sababu limetufika.

Mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili aliandika tasnifu juu ya istilahi za mabaharia wa Bandari ya Kale. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka katika mahojiano na manahodha wazee, ambayo taasisi moja ya hapa mjini ilikuwa imeyaandika na kuyaweka katika tovuti yake. Alizinukuu anwani za kurasa hizo kwa uangalifu, na tarehe alizozisoma. Miezi michache baadaye tasnifu ikamfikia mtahini wa nje. Mtahini akafungua anwani ya kwanza, akakuta ukurasa mweupe wenye tarakimu 404, maana yake kwamba kitakiwacho hakikupatikana. Akafungua ya pili, ya tatu, hata ya kumi na mbili. Zote ni hizo hizo. Ripoti yake ikasema kwamba marejeo ya mwanafunzi hayathibitishiki. Msomaji anayejua mambo ya vyuo atafahamu uzito wa neno hilo: linakaribia sana kumwambia mtu kwamba amebuni.

Tulihangaika majuma mawili. Mwishowe tulizipata kurasa zote kwa kutafuta maneno adimu yaliyomo ndani yake. Hakuna hata moja iliyofutwa. Taasisi ilikuwa imemlipa fundi aitengeneze upya tovuti yake, naye akazihamisha nyaraka kutoka chumba kimoja hadi kingine ndani ya nyumba ile ile. Ukurasa uliokuwa katika anwani iishiayo na /nyaraka/2009/majahazi.html sasa ulikuwa katika /maktaba/2009/majahazi. Tofauti ni hiyo tu. Kwa tofauti hiyo mwanafunzi aliahirishiwa utetezi wa tasnifu yake hadi muhula uliofuata, akalipa ada nyingine ambayo wazazi wake hawakuwa nayo.

Kilichoniuma zaidi ni kujua kwamba dawa ilikuwa ni mstari mmoja. Kompyuta inayohifadhi tovuti, ambayo wataalamu huiita seva, inaweza kupewa kanuni. Kanuni ya hapa ingesema hivi: kila anwani ianzayo na /nyaraka/, ikifuatwa na tarakimu nne za mwaka, kisha jina lolote, kisha .html, ipelekwe /maktaba/ pamoja na mwaka ule ule na jina lile lile. Fundi hahitaji kuziorodhesha kurasa mia tano. Anaieleza ruwaza yake mara moja, na seva inaifanya kazi iliyobaki. Programu ya seva iitwayo Apache imekuwa na uwezo huo tangu miaka ya 1990, pale Mjerumani Ralf Engelschall alipoiandikia moduli ya kuandika upya anwani mwaka 1996. Seva nyingine mashuhuri, nginx, ina uwezo huo pia. Wala hapana malipo ya ziada. Katika tovuti nyingi za kwetu, zinazopangishwa pamoja na nyingine katika seva moja, kanuni hizo huandikwa katika faili dogo liitwalo .htaccess.

Ni vyema kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni kuandika upya kwa ndani. Mgeni anagonga mlango ule ule, naye mwenyeji anamletea kitu kutoka chumba kingine bila ya mgeni kujua. La pili ni kumwelekeza mgeni: seva inamjibu kwamba kitu chake kimehamia anwani fulani, na kivinjari kinakwenda huko. Maelekezo hayo nayo yana tarakimu zake. 301 ina maana kwamba kuhama ni kwa kudumu. 302 ina maana kwamba ni kwa muda. Tofauti hii si ya kupuuzwa. Mitambo ya utafutaji ikiona 301 huanza kuitambua anwani mpya badala ya ile ya zamani. Ikiona 302 huweza kuendelea kuishika ya zamani, ikitaraji kwamba mwenye nyumba atarejea. Aidha, vivinjari huikumbuka 301. Ukimpeleka mgeni pasipo kwa amri ya kudumu, kosa lako huweza kubaki katika kompyuta yake hata baada ya wewe kulisahihisha. Kwa hiyo fundi mwenye busara hujaribu kwanza kwa 302, na akiridhika ndipo huandika 301.

Sisi wanaisimu kanuni hizi si ngeni kwetu, na pengine ndiyo sababu nimethubutu kuingia katika ufundi wa watu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuandika kanuni isemayo kwamba sauti fulani hugeuka kuwa nyingine katika mazingira fulani. Tuchukue mfano wa nyumbani. Panapo ch katika Kiunguja, ambacho ndicho msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita aghalabu kina t: macho ni mato, chini ni tini, mchele ni mtele, na kucheka ni kuteka. Panapo nj, Kimvita kina nd. Ndiyo maana njia mashuhuri ya Mji wa Kale inaitwa Ndia Kuu. Sasa mtu asiye makini, akitaka kuyageuza maandishi ya Kimvita yawe sanifu, ataandika kanuni fupi: kila t na iwe ch. Atapata macho na chini, atafurahi. Lakini kanuni hiyo hiyo itaugeuza mti kuwa mchi, tatu itakuwa chachu, na binti aliyekwenda kuteka maji kisimani atakuwa amekwenda kucheka maji. Sikio la Mmvita halikosei hapo, kwa kuwa t ya mato hutamkwa ulimi ukigusa meno, na t ya mti hutamkwa ulimi ukigusa ufizi. Ni herufi za Kilatini zilizozitia zote mbili katika chungu kimoja. Kanuni huona herufi tu, maana haiioni.

Makosa ya mafundi wa tovuti ni ya jamii hiyo hiyo. Yupo anayeagiza kwamba kila anwani yenye neno maktaba ipelekwe katika /maktaba/, akasahau kwamba anwani mpya nayo ina neno hilo. Mgeni hupelekwa, akafika, akapelekwa tena, mpaka kivinjari kikakata tamaa na kutangaza kwamba maelekezo yamezidi. Yupo anayeandika kanuni pana juu na kanuni mahususi chini yake, bila ya kujua kwamba kanuni husomwa kwa mpangilio kutoka juu, na ile pana ikishamchukua mgeni na kumwelekeza, ya chini haimpati. Yupo anayeutupa mwaka ulio katika anwani ili mpya iwe fupi na ya kupendeza, kumbe mwaka 2009 na mwaka 2011 kila mmoja ulikuwa na ukurasa uitwao tenzi, na sasa wageni wa kurasa mbili wanaelekezwa kwenye mmoja. Na yupo, naye ndiye mwingi, anayemaliza kazi kwa kuzipeleka anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti. Huyo ni sawa na kumchukua mtu aliyeuliza nyumba ya fulani ndani ya Mji wa Kale, ukamwacha mbele ya Ngome ya Yesu na kumwambia kwamba amekwisha fika.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Asiyepata ukurasa na atumie mtambo wa utafutaji. Jibu langu ni kwamba sisi tuliupata ukurasa kwa sababu tulikuwa tukiyajua maneno yaliyomo. Msomaji wa tasnifu, hakimu anayesoma hukumu iliyotajwa, mwananchi anayeitafuta zabuni ya mwaka jana, hao wana anwani tu mikononi. Wengine watasema kwamba kila kitu kimehifadhiwa na Internet Archive, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1996. Taasisi hiyo inastahiki shukrani, lakini haikusanyi kila ukurasa, na si haki mwenye mali kuitegemea hisani ya jirani aliye ng'ambo.

Ukubwa wa hasara unajulikana. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mtandaoni mwaka 2013 hazikuweza kufunguliwa miaka kumi baadaye. Kwa lugha yenye mabilioni ya kurasa, hilo ni pigo linalostahimilika. Kwa Kiswahili, na zaidi kwa lahaja kama Kimvita, kila ukurasa ni adimu. Mmoja wa manahodha waliohojiwa na taasisi ile amekwisha fariki. Alichokisema juu ya pepo na matanga hakimo katika kitabu chochote nikijuacho. Kimo katika ukurasa ule, na njia ya kuufikia ilikuwa ni anwani ile.

Nao mji huu una kila sababu ya kulishughulikia jambo hili, kwani taasisi zake hubadilika. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME. Kikawa Taasisi ya Ufundi mwaka 1966, kikawa Politekniki mwaka 1972, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Mwenye stashahada yenye jina la Politekniki hakuambiwa kwamba cheti chake hakipatikani. Vivyo hivyo, Baraza la Manispaa lilipokoma mwaka 2013 na serikali ya kaunti kushika mahali pake, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, madeni na hati za baraza hazikufutika. Wizara za serikali kuu nazo hupewa majina mapya karibu kila ajapo rais mpya. Ikiwa sheria inamlazimu mrithi kuzitambua karatasi za mtangulizi wake, kwa nini asilazimike kuzitambua anwani zake?

Ninayoyapendekeza si ya gharama. Kwanza, kila mkataba wa kutengeneza upya tovuti ya umma uwe na kifungu kinachomtaka fundi akabidhi orodha ya anwani za zamani na kila moja inapoelekea, na asilipwe fungu la mwisho kabla orodha hiyo haijajaribiwa. Pili, faili la kanuni lihifadhiwe nakala kabla ya kuguswa, maana herufi moja iliyokosewa humo yaweza kuiangusha tovuti nzima. Tatu, taasisi ikibadilisha jina lake la mtandaoni, iendelee kulilipia lile la zamani. Jina lisipolipiwa huuzwa kwa atakaye, na kanuni zote za kuelekeza hufa pamoja nalo. Anayefuata kiungo cha mahojiano ya wazee huweza kujikuta katika ukumbi wa kamari. Nne, maelekezo yasiondolewe mapema. Google huwashauri wenye tovuti wayaweke kwa muda usiopungua mwaka mmoja, lakini mwaka mmoja ni wa biashara. Tasnifu hukaa rafuni miaka hamsini. Tano, kilichofutwa kwa makusudi kielezwe kwamba kimefutwa. Ipo tarakimu 410 kwa kazi hiyo, nayo ni ya kiungwana kuliko kumwacha mtu akitafuta kisichokuwapo.

Tim Berners-Lee, aliyeubuni mtandao wa tovuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Ushauri huo ni bora kuliko yote niliyoyataja. Lakini kwa kuwa binadamu hatuachi kuhama na kujenga upya, angalau tukihama tuache neno kwa majirani.

Mwanafunzi wangu alifaulu. Anwani zote kumi na mbili katika tasnifu yake ameziandika upya kwa mkono wake, na chini ya kila moja ameiacha ile ya zamani, kwa manufaa ya atakayekutana nayo kwingineko. Kazi hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya seva, na ingechukua mstari mmoja. Nawaomba wenye tovuti za mji huu wauandike mstari huo sasa, kabla mtahini mwingine hajafungua tasnifu nyingine.

Mwandishi ni mhadhiri wa isimu katika chuo kikuu kimoja hapa Pwani.