Goma: Bastola ikikutosha mkononi, nani atalindwa?

Ndugu wasikilizaji, ninyi mliobaki mitaani na ninyi mliokimbia vita, leo sileti habari. Leo naleta ugomvi wangu.

Kila ninapokaa na vijana jioni, mazungumzo yanafika palepale: bastola ipi ni nzuri. Wanaongea kama watu wanaochagua viatu sokoni. Huyu anataka ndogo, isiyoonekana chini ya koti. Yule anasema kiganja chake ni kipana, anataka yenye mpini mnene. Juzi baba mmoja wa watoto wanne aliniuliza, eti mwandishi wa habari anajua mambo yote: «Ndugu yangu, ipi itanifaa?»

Namjibu hapa, mbele ya wote.

Ni kweli, bastola inapaswa kulingana na mkono. Kidole kisipofika vizuri kwenye kifyatulio, risasi inakwenda pembeni. Bastola nyepesi inarusha mkono kuliko nzito. Lakini hayo yanamsaidia mtu aliyefundishwa, anayejizoeza mchana mbele ya shabaha ya karatasi. Wewe utaishika saa nane za usiku, umetoka usingizini, umeme hakuna, mikono inatetemeka.

Na masasi yakimkosa mwizi, yanakwenda wapi? Wengi wetu hapa Goma tunaishi katika nyumba za mbao. Kambini ni hema la plastiki. Risasi ya bastola inatoboa ubao na kuendelea. Nyuma ya ubao jirani amelala na watoto wake. Na mchana, ukiwa kazini, mtoto wako mwenyewe ataikuta chini ya godoro. Yeye hatauliza kama inamtosha mkononi.

Najua mtanijibu nini. Wezi wana silaha. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, bunduki nyingi ziliachwa barabarani, na wafungwa wa Munzenze walitoroka. Ukiita msaada usiku, hakuna anayekuja. Sisemi kwamba woga wenu ni wa bure. Hata mimi nalala na woga huohuo. Lakini wezi hawaji mmoja. Wakijua una bastola, hiyo bastola inakuwa mali wanayoitafuta, na watapiga kabla ya kusema. Yule aliyekuuzia, si anajua unakaa wapi?

Tena kuna sheria. Ile ya tarehe 3 Septemba 1985 inakataza raia kuwa na silaha bila kibali. Siku ya msako, nani atakubali ukisema ni ya kulinda watoto? Kwa ninyi wa kambini ni hatari zaidi. Kambi ni mahali pa raia. Silaha moja ikionekana, mahema yote ya karibu yanashukiwa, na wenye vita wanapata sababu ya kuingia.

Basi tufanye nini? Tufanye tunachokijua. Nyumba moja ikipiga filimbi, ya pili inagonga sufuria, avenue nzima inaamka. Mwizi anaogopa watu hamsini macho kuliko mtu mmoja anayetetemeka gizani. Fedha ya bastola inunue filimbi na taa za jua.

Na ninyi mnaoshika mamlaka, msifurahi kwamba nawaonya raia tu. Mtu anayelindwa hatafuti bastola. Wekeni doria zinazolinda, si zinazonyang'anya simu. Fungueni njia ya kurudisha silaha bila kumfunga anayeileta. Katanga, shirika PAREC la mchungaji Ngoy Mulunda lilipokea bunduki na kutoa baiskeli. Watu walizileta.

Baba wa watoto wanne, hilo ndilo jibu langu. Hakuna inayokufaa. Nunua filimbi, kisha gonga mlango wa jirani leo, kabla ya usiku.