Wanahisa waulize programu mpya huingizwaje

KINTINKU iko kwenye Reli ya Kati, kati ya Dodoma na Manyoni. Msimu wa alizeti, gunia hupanda kwenye mizani na malipo hupita kwenye simu. Mtandao wa malipo ukigoma saa moja, lori husimama, wapakiaji hudai ujira wao na mkulima hurudi na gunia lake nyumbani. Lawama zote huangukia mnara. Lakini kuna siku mnara ni mzima, na kilichoharibika ni programu iliyobadilishwa makao makuu.

Jambo hilo ni la mwenye hisa pia. NMB iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008, CRDB mwaka 2009, na Vodacom Tanzania mwaka 2017 kwa Sh. 850 kwa hisa. Mwekezaji mdogo kwa kawaida huuliza gawio. Ni vyema aulize pia programu mpya huingizwaje.

Mfano mzuri ni wa Marekani. Agosti 1, 2012, Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa, ilikuwa imeingiza programu mpya kwenye seva zake 8 kwa mkono. Seva moja ilisahaulika. Soko lilipofunguliwa, seva hiyo ilimwaga maagizo yasiyotakiwa kwa muda wa dakika 45. Hasara ilizidi dola milioni 440, bei ya hisa ikaporomoka, na mwaka uliofuata kampuni ikaunganishwa na nyingine.

Dawa ipo. Programu hufungashwa na vyote inavyohitaji ndani ya kile mafundi wanachokiita kontena, jina lililoazimwa bandarini: kasha likitoka melini kwenda kwenye behewa, kilichomo hakiguswi. Kila badiliko hujaribiwa na mashine kwanza. Likifaulu, msimamizi kama Kubernetes, iliyotolewa bure na Google mwaka 2014, huligawa kwenye kundi la seva kwa awamu. Kontena jipya lisipowaka sawasawa, zoezi husimama na toleo la zamani linaweza kurudishwa. Seva ya nane haiachwi kwenye kumbukumbu ya fundi mmoja.

Jirani wamekwishaelekea huko. Septemba 2025, Safaricom ya Kenya ilizindua mtambo mpya wa M-Pesa wa aina hiyo, wenye uwezo wa miamala 6,000 kwa sekunde na unaoweza kupanuliwa hadi 12,000.

Hata hivyo, si kila taasisi inahitaji mtambo huo. Wataalamu wake ni ghali, na seva za kukodi nje hulipiwa kwa dola. Shilingi ikishuka, bili hupanda. Aidha, mashine hukagua kile tu ilichoagizwa kukagua. Chama kidogo cha akiba na mikopo kinaweza kuendelea na mfumo wake wa kawaida.

Lakini benki au kampuni ya simu inayobeba malipo ya nchi nzima haina kisingizio. Kwenye mkutano mkuu, wanahisa waulize mambo matatu: mabadiliko huingizwa kwa mkono au kwa mashine, toleo la zamani hurudishwa kwa dakika ngapi, na mwaka uliopita huduma ilizimika kwa saa ngapi. Kampuni yenye majibu ya tarakimu inajua inachokifanya. Ile inayojibu kwamba "mafundi wanashughulikia" imewaachia hasara wanahisa wake, na mnunuzi wa alizeti aliyesimama kwenye mizani Kintinku.