Tahadhari: Amari Ikivuta Ubavuni, Iachie

Nahodha unayekwenda kuvuta chombo kilichokufa injini mtoni, na wewe baharia utakayeshika kamba, someni haya kabla hamjafunga fundo la kwanza. Tagi hupinduliwa na kile kile inachokivuta, na hupinduka ndani ya sekunde chache tu. Hakuna muda wa kuitana.

Mto Clyde, Uskoti, umeua hivyo mara mbili. Tarehe 19 Desemba 2007 tagi Flying Phantom ilikuwa imefungwa kwenye omo ya meli ya mizigo Red Jasmine, ukungu umetanda. Meli ikazidi kuja, amari ikahama ikaanza kuvuta tagi kwa ubavu. Mtambo wa kuachia amari kwa dharura ulikuwepo, lakini haukuachia upesi. Kati ya watu wanne, watatu walikufa. Tarehe 24 Februari 2023, karibu na Greenock kwenye mto huohuo, tagi Biter ilikuwa nyuma ya meli ndogo ya abiria, Hebridean Princess. Kamba fupi inayopaswa kuibana amari isiache tezi ililegea, tagi ikaburutwa kiubavu, ikapinduka. Walikuwa wawili ndani, na wote wawili walikufa. Inaniuma kwamba miaka zaidi ya 15 ilipita kati ya misiba hiyo na sababu ikabaki ileile.

Tagi imeundwa kuvuta mbele na nyuma. Ubavuni haina pa kujishikilia. Na mwendo ndio unaoua: ukiongezeka maradufu, nguvu ya maji huwa mara nne. Kwa hiyo yule anayeongoza meli na nahodha wa tagi wakubaliane mwendo kabla ya kamba kurushwa, kwa maneno yanayosikika, wala si kwa kudhani kwamba mwenzako anajua.

Meli zile za Clyde zilikuwa na injini nzima. Iliyozimika ni hatari zaidi, kwa kuwa haiwezi kujipunguzia mwendo na mara nyingi usukani wake haufanyi kazi. Mkiteremka na mkondo, ukipunguza mwendo ghafla itakujia mgongoni. Bila umeme haitaweza kuing'oa nanga, ila kuiangusha inaweza. Awepo mtu kwenye breki ya nanga safari nzima, asiondoke hata kwa chai.

Kwenye Mto Kongo, kuanzia Kisangani hadi Kinshasa, matishali hufungwa pamoja yakasukumwa kwa nyuma. Njia hiyo ina busara yake. Vivyo hivyo, mashua ya mbao iliyojaa watu na magunia ikizimika injini, usiiburute kwa kamba ndefu katikati ya mkondo. Isogelee taratibu, muifunge ubavu kwa ubavu, kamba omoni na tezini, muitafutie ukingo. Abiria washuke hapo. Watanung'unika, washuke tu.

Kamba ya nailoni ichungeni sana. Hunyumbuka kimyakimya, kisha hukatika bila kuonya, na ncha yake hurudi kwa kasi ya kuvunja mguu au kuua. Asisimame mtu kwenye mstari wake, wala ndani ya kitanzi chake sitahani.

Leo, mkiwa bado gatini, jaribuni kuachia amari ikiwa imekazwa, maana ndoano inayofunguka kamba ikiwa imelegea haijathibitisha kitu. Shoka liwe karibu na kamba. Milango na vifuniko vya chumba cha injini vifungwe kabla ya kuvuta, hata joto liwe kali namna gani. Tagi ikilala, maji huingilia hapo. Maboya ya kuvaa yavaliwe, yasitundikwe ukutani. Na baharia yeyote, hata kijana aliyepanda jana, awe na ruhusa ya kupiga kelele "achia!" na amari iachiwe papo hapo, meli iende inakokwenda.