Kitabu kinavuka Namanga, kinakwama maktabani

Mfanyabiashara anayepeleka vitabu vya Kiswahili kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, au kutoka Nairobi kwenda Kampala, anazijua namba mbili za forodha: 4901 na 4902. Ya kwanza ni ya vitabu vilivyochapwa, ya pili ni ya magazeti na majarida. Ofisa wa forodha akiziona kwenye hati anajua amebeba nini, na anajua kwamba katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki vitabu viko kwenye asilimia sifuri. Makaratasi yakiwa sawa, gari linapita Namanga na safari inaendelea.

Mara nyingi shida huanza mzigo ukishafika. Chukua mfano wa maktaba ya chuo iliyoagiza nakala 40 za kitabu cha sarufi. Nakala 40 zimefika, lakini oda iliandikwa jina la kitabu tu, bila mwaka wala toleo, na kilicholetwa ni toleo la zamani. Mhasibu hawezi kulipa kwa sababu hati ya kupokea mzigo haijasainiwa. Aliyepaswa kuisaini haisaini kwa sababu hana hakika alinganishe nini na nini. Katoni zinakaa chini ya ngazi mwezi mzima, kisha muhula mzima. Muuzaji anasubiri fedha yake, mwanafunzi anasubiri kitabu chake. Hapo hakuna mwizi wala mla rushwa. Yupo mtu aliyekabidhiwa kazi ambayo hakuna aliyemfundisha.

Mpaka unalaumiwa kwa mengi katika biashara ya vitabu, na mengine ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya mkwamo iko ndani ya maktaba zenyewe, kwenye meza za watu watatu ambao wafanyabiashara wachache huwafikiria: anayenunua vitabu, anayepokea majarida na anayeorodhesha. Nchi za ukanda huu ziliwahi kuwafundisha wakutubi wao pamoja. Zinapaswa kurudi huko, na wafanyabiashara wa mipakani wana kila sababu ya kudai hivyo.

Wa kwanza ni mnunuzi. Kazi yake haina tofauti kubwa na ya mtu anayenunulia duka. Lazima ajue nani anachapa nini, nani anauza kwa punguzo gani, fedha ya kigeni imepanda au imeshuka, na mzigo utachukua siku ngapi njiani. Zaidi ya hapo, lazima ajue kutumia ISBN, namba inayochapwa nyuma ya kitabu, ambayo tangu Januari 2007 ina tarakimu 13. Toleo jipya hupewa namba yake. Kitabu chenye jalada gumu kina namba tofauti na kile cha jalada laini. Mnunuzi aliyefunzwa akiandika namba hiyo kwenye oda, ugomvi wa toleo la zamani na jipya hauna pa kuanzia. Muuzaji wa Arusha na mkutubi wa Kampala wanakuwa wanazungumzia kitu kimoja, hata kama hawajawahi kuonana.

Wa pili ni mpokeaji wa majarida. Jarida si kama kitabu kinachonunuliwa mara moja. Hulipiwa mapema, kisha huja kila mwezi au kila robo mwaka. Mfanyabiashara aliyelipia magunia kumi ya mchele yaletwe moja kila mwezi huweka daftari. Asipoandika, hatajua kwamba gunia la Machi halikufika. Ndivyo ilivyo kwa majarida. Toleo likikosekana, anayefuatilia mapema hulipata. Anayegundua baada ya miaka miwili huambiwa nakala zimekwisha, na fedha imekwenda. Majarida nayo yana namba yao, ISSN, yenye tarakimu nane, ili majarida mawili yenye majina yanayofanana yasichanganywe.

Wa tatu ni mwenye kuorodhesha, na huyu ndiye anayekipa kitabu anwani. Maktaba nyingi za Afrika Mashariki hupanga vitabu kwa mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1876. Dewey aligawa elimu yote kwa namba, lakini hakugawa sawa. Fasihi ya Kiingereza imepewa nafasi nzima kuanzia 820 hadi 829. Lugha nyingi za Afrika zimebanwa ndani ya namba moja, 896, na fasihi ya Kiswahili iko kwenye 896.392. Mfanyakazi aliyefunzwa vizuri huifikia namba hiyo ndefu na kuitumia. Aliyefunzwa nusu huishia 896, na riwaya ya Kiswahili inajikuta rafu moja na mashairi ya Kiyoruba na tamthilia za Kizulu. Msomaji anaitafuta, haioni, anaondoka.

Majina nayo yana mtego wake. Kitabu cha Shaaban Robert kinaweza kuorodheshwa chini ya Shaaban kwenye maktaba moja na chini ya Robert kwenye nyingine. Waandishi wa pwani wenye majina ya bin na binti wanawekwa popote inapomjia mworodheshaji. Kanuni za kuamua zipo, na zinafundishika. Asiyezijua huwagawa waandishi vipande viwili bila kukusudia.

Mfanyabiashara anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu mfukoni. Kitabu kisichoonekana kwenye katalogi hakiazimwi, kisichoazimwi hakichakai, na kisichochakaa hakiagizwi tena. Maktaba isiyo na mnunuzi mwenye ujuzi hujaza rafu zake kwa vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, kwa sababu msaada hauhitaji oda wala ankara. Kila rafu iliyojaa vitabu vilivyokwisha kazi Ulaya ni rafu ambayo mchapishaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hakuuza, na mchuuzi aliyekuwa tayari kuvusha katoni hakupata safari.

Ukanda huu hauanzi kutoka sifuri. Mwaka 1963 chuo cha ukutubi cha Afrika Mashariki kilianzishwa Makerere, Uganda, kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwanafunzi kutoka Mwanza alikaa dawati moja na wa Kisumu na wa Mbale. Walijifunza kanuni zile zile, na waliporudi makwao kila mmoja alijua nani wa kumwandikia barua akitaka kujua ni nini kimechapwa upande wa pili. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikaendelea na njia yake. Leo Makerere bado inafundisha, Tanzania ina chuo chake Bagamoyo, na Kenya ina kitivo cha taaluma hiyo katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Vyuo hivyo vinafanya kazi nzuri. Kilichopungua ni lile dawati la pamoja, pamoja na mafunzo ya mara kwa mara kwa watu walioko kazini tayari, ambao cheti chao ni cha enzi za kadi za karatasi.

Kuna mfano ulio karibu ambao unapaswa kuwatia watu haya kidogo. Tangu mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi. Kazi ya ofisi hiyo ni kukusanya vitabu, magazeti, majarida na ripoti za serikali kutoka Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika, kuziorodhesha na kuzipeleka Washington na kwenye maktaba nyingine zinazoshiriki. Wafanyakazi wake wanajua kuchagua, kuagiza, kufuatilia toleo lililokosekana na kuorodhesha kitabu cha Kiswahili ipasavyo. Matokeo yake, mtafiti aliyeko Washington anaweza kupata orodha ya machapisho ya Afrika Mashariki kwa urahisi kuliko mwalimu wa Bukoba anayetaka kujua Kampala wamechapa nini mwaka huu. Wamarekani hawana siri yoyote katika hili. Waliwafundisha watu, wakawapa kazi na wakawaacha waifanye kwa miaka.

Watakaopinga watasema tatizo ni fedha, kwamba hakuna maana ya kumfundisha mnunuzi ambaye hana bajeti. Hoja hiyo inageuka yenyewe. Mwenye fedha nyingi anaweza kukosea oda na kuagiza tena. Mwenye fedha kidogo hana nafasi ya kukosea hata mara moja, kwa hiyo ndiye anayehitaji mafunzo zaidi. Vyama vya maktaba za vyuo vya Kenya, Uganda na Tanzania vimekwisha kuonyesha njia kwa kununua majarida ya mtandaoni kwa pamoja na kugawana gharama, kama wachuuzi wanavyochangia kukodi lori moja. Ila kujadili mkataba wa majarida ya mtandaoni nako kunataka ujuzi: nani anaruhusiwa kusoma, kwa muda gani, na matoleo ya zamani yanabaki na nani usajili ukikoma. Asiyejua kuuliza maswali hayo hulipa kila mwaka na mwishowe hubaki mikono mitupu.

Wengine watasema kompyuta imemaliza kazi hii. Programu ya Koha, iliyoanzia New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, hupatikana bila kulipia leseni, na maktaba nyingi za ukanda huu zinaitumia. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini programu haijui tofauti ya riwaya na tawasifu, wala haijui kwamba mwandishi mmoja ameandikwa mara mbili. Inahifadhi inachopewa. Ukiipa takataka, itakuonyesha takataka hizo kwa haraka zaidi.

Kinachohitajika hakina gharama ya kutisha. Kwanza, Makerere, Bagamoyo na Eldoret zinaweza kukubaliana mtaala mmoja mfupi kwa wafanyakazi walioko kazini, wa wiki chache, unaozunguka miongoni mwao na kufundishwa kwa Kiswahili. Wakuu wa nchi waliipitisha lugha hiyo kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021. Hapa ni mahali pazuri pa kuitumia kazini. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lina nafasi ya kuwakutanisha.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoko Zanzibar, inaweza kuongoza kazi ya kuandaa orodha moja ya vichwa vya mada kwa Kiswahili. Mkutubi wa Bujumbura na wa Mombasa wakiita ufugaji wa nyuki kwa jina moja kwenye katalogi, msomaji na muuzaji wote watajua pa kutafuta.

Tatu, wauza vitabu na mawakala wa forodha waalikwe darasani. Siku moja ya mkutubi kuonyeshwa ankara, cheti cha uasili wa bidhaa na hati ya forodha, na ya muuzaji kuonyeshwa jinsi oda inavyopita ndani ya maktaba, itaondoa malalamiko mengi ambayo sasa kila upande unamtupia mwenzake.

Nne, ujuzi huo utambuliwe kote. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kusaini makubaliano ya kutambuliana sifa. Wakutubi hawakuwamo. Mkutubi wa Kigali aliyebobea katika majarida anapaswa kuweza kufundisha Dodoma bila kuhesabiwa kama mgeni.

Wafanyabiashara wana sauti kuliko wanavyodhani. Vyama vyao husikilizwa pale vinapozungumzia mizani, foleni na ada za mpakani. Vikao hivyo hivyo vinaweza kuongeza jambo moja kwenye ajenda: maktaba za umma na za vyuo zinazonunua kwa fedha ya serikali ziwe na mnunuzi, mpokeaji na mworodheshaji waliofunzwa, na zilipe ndani ya muda uliotajwa kwenye oda. Ni dai la kibiashara kama madai mengine.

Jumuiya imekua kutoka nchi tatu hadi nane, na Kiswahili kinasomwa Goma, Bujumbura na Juba kama kinavyosomwa Tanga. Soko la vitabu vya lugha hiyo halijawahi kuwa pana kiasi hiki. Barabara imetiwa lami na ofisa wa forodha amegonga muhuri. Sasa afundishwe yule anayefungua katoni.