PLAGI YA PINI TATU SIO USHAMBA, USHAMBA NI KALAMU KWENYE SOKETI

Haya wadau, mitandaoni kumewaka na safari hii sio habari ya nani kamwacha nani. Ni habari ya plagi. Ndio, plagi hizi hizi za kuchomeka ukutani.

Dada mmoja wa mjini, jina kubwa, wafuasi kibao, kaposti video akifungua mzigo wa saluni yake mpya. Madrai, pasi za nywele, na jagi la umeme la kuchemshia wateja chai. Vyote vina plagi ya pini mbili za mviringo. Ukuta una soketi za matundu matatu kama kawaida ya Bongo. Basi dada kachomoa kalamu kwenye pochi, kaisukumiza kwenye tundu la juu, kalazimisha pini mbili zikazama, drai ikaunguruma. Halafu kageukia kamera kutoa somo: plagi za pini tatu ni za kishamba, kubwa kama tofali, eti wenzetu Ulaya walishaziacha. Makopa yakamiminika.

Kwanza hiyo ya Ulaya ni kamba. Plagi ya pini tatu bapa ni ya Uingereza, kiwango chake kilitoka mwaka 1947, na Waingereza wanaitumia mpaka leo. Ireland wanayo. Singapore, Malaysia na Oman wanayo. Dubai, kule kule anakokwenda kupiga picha kila sikukuu, wanayo. Kenya na Uganda wanayo. Huo ushamba una wenyewe wengi sana.

Plagi inayojua kukataa

Wanaoicheka hawajawahi kuiangalia. Pini ya juu ni ndefu kuliko mbili za chini, na sio bahati mbaya. Inaingia ya kwanza, inasukuma vifuniko vidogo vilivyomo ndani ya soketi, ndipo matundu ya chini yenye umeme yanafunguka. Bila hiyo pini matundu yamefungwa, hata mtoto akijaribu kuchomeka msumari anagonga ukuta. Kuichomeka kichwa chini haiwezekani. Pini za chini zimevishwa plastiki sehemu ya juu, ili plagi ikilegea kidogo kidole kisikutane na chuma chenye moto.

Tumboni kuna fyuzi, ya amp 3 kwa vitu vidogo na amp 13 kwa vitu vizito. Waya ukipata hitilafu, fyuzi inakatika kabla waya haujashika moto. Fundi anayejua kazi akiifunga, waya wa ethi anauacha mrefu kuliko wenzake, ili mtu akiuvuta kwa fujo ethi iwe ya mwisho kuchomoka. Yaani kuna mtu alikaa chini akawaza mpaka siku utakapovuta waya kwa hasira.

Hiyo plagi kazi yake ni kukataa. Inakataa kidole, inakataa msumari, inakataa kugeuzwa. Na kukataliwa ndicho kitu mastaa wa mjini hawakiwezi kabisa. Mlinzi wa klabu akimkataa anauliza "unanijua mimi ni nani?" Soketi ikimkataa anatoa kalamu.

Kalamu inafanya nini

Ile kalamu inadanganya vifuniko kwamba pini ya juu imeingia. Vikilazimishwa kila siku vinavunjika, na kuanzia hapo matundu yanabaki wazi kwa mtoto wa mteja yeyote.

Pili, pini za mviringo hazishikwi vizuri na soketi iliyotengenezewa pini bapa. Panapolegea pana joto, pana cheche, na plastiki inaanza kulainika. Drai ya wati 2,000 kwa umeme wa volti 230 inavuta karibu amp 9. Zote zinapita kwenye kamguso kadogo.

Tatu, fyuzi ya kwenye plagi imeondoka. Kilichobaki ni kikata umeme cha kwenye boksi, na hicho kipo kulinda waya nene za ukutani, sio kawaya ka drai.

Sasa njoo kwenye jagi. Zile plagi nene za mviringo za Ujerumani na Uturuki zina ethi yake pembeni, kwenye vibati viwili. Kwenye soketi yake kule vibati vinagusana na ethi. Kwenye soketi ya Bongo vinagusa hewa. Siku umeme ukivuja kwenye mwili wa jagi la chuma, njia ya kwenda ardhini ni aliyelishika.

Na aliyelishika hawi dada wa kwenye video. Ni binti wa saluni, anayelipwa kwa kichwa, mikono imelowa maji ya kuoshea nywele tangu asubuhi. Yeye ndiye anayechomeka na kuchomoa mara 30 kwa siku. Hakuulizwa kama plagi ya pini tatu ni ya kishamba.

Haki itendeke: pini mbili yenyewe haina kosa. Ile nyembamba ya Ulaya imetengenezwa kwa vitu vidogo, mwisho amp 2.5, chaja na redio, na kwenye soketi yake inakaa vizuri. Kosa ni kuilazimisha iingie nyumba isiyo yake.

Ekstensheni isiyo na msimamo

Kama kuna kitu kinachostahili kuchukiwa kuliko kalamu, ni ekstensheni ya "kimataifa". Tundu moja linakubali pini za Uchina, za Ulaya, za Marekani na za Uingereza. Inauzwa kama ndio ujanja. Tundu linalokubali kila pini halishiki hata moja kwa uhakika, ndio maana plagi zinacheza humo kama jino bovu.

Kaka mmoja wa suti na magari juzi kaonyesha sebule yake kwenye stori. Sofa la maana, tivii inchi za kutosha, halafu pembeni ekstensheni moja ya aina hiyo imebeba friji, tivii, gemu na pasi. Sofa la mamilioni, limelindwa na waya mwembamba kama kamba ya viatu.

Timu chaja, mpo?

Kwenye simu napo kuna watu wana deni la kuomba radhi. Msanii mmoja miaka yote alikuwa akicheka wenye taipu-C, eti chaja za Android, chaja za watu wa kawaida. Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria kwamba kuanzia 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa kwao ziwe na taipu-C, na Apple wakahamia huko mapema, mwaka 2023, na iPhone 15. Sasa kaka ana toleo jipya, na chaji ikiisha anaazima waya kwa mlinzi wa getini. Kimya, hakuna posti.

Taipu-C inastahili sifa. Ilitoka mwaka 2014, inaingia juu chini bila kupapasa, na waya mmoja unachaji simu, spika na laptopu. Aliyewahi kuhangaika usiku na maikro USB, akiigeuza mara tatu mpaka akavunja mdomo wa simu, hahitaji maelezo zaidi. Ile maikro ilale salama.

Ila hapa pia uso mzuri usiwadanganye. Mwaka 2015 injinia wa Google, Benson Leung, alianza kununua na kupima waya za taipu-C zinazouzwa mtandaoni, akakuta nyingi zimeungwa ovyo. Mwanzoni mwa 2016 mmoja ukamharibia laptopu. Kwa nje zinafanana zote. Waya wa kando ya barabara unaweza kuwa mzima na unaweza kuwa janga, na kichwa chake hakitakuambia.

Heshima kwa fundi mitambo

Plagi nyingine ya kupendwa ni ya maiki, ile ya pini tatu ndani ya bomba la chuma, XLR. Ukiichomeka inalia "kli" na kujifunga. Hata msanii aruke vipi haichomoki mpaka ubonyeze kitufe. Sauti inasafiri kwenye waya mbili zinazopingana, kwa hiyo kelele iliyodandia njiani inafutwa upande wa pili.

Sasa kuna staa mmoja alipanda jukwaani na pleibeki kwenye simu, kwa kijeki cha 3.5. Jeki hicho ni kizuri, kilipoondolewa kwenye iPhone 7 mwaka 2016 watu walilia kwa haki. Ila hakina kufuli. Mcheza shoo kakanyaga waya, muziki ukakata, staa akasimama pale pale kumtukana fundi mitambo mbele za watu. Fundi alikuwa ameshaomba mapema muziki uletwe wapitishe kwenye mashine zake. Akajibiwa "usinifundishe kazi".

Ni stori ile ile ya saluni. Bosi anachagua plagi kwa muonekano, aibu na shoti anabeba mwingine.

Wenye povu wajibiwe

Watasema plagi ya pini tatu ni kubwa. Kweli. Watasema ukiikanyaga usiku peku inauma kuliko kuachwa. Kweli tena, inalala pini juu kama imekutega. Haya yote ni ya kuvumilia.

Dawa ya kalamu ni nyepesi: fundi umeme akate ile plagi ya pini mbili, afunge ya pini tatu yenye fyuzi sahihi, na waya wa ethi uungwe kwa vitu vyenye ethi. Plagi moja haifikii bei ya kubandika kucha za kurekodia ile video. Kwa saluni nzima ni kazi ya mchana mmoja.

Dada video bado ipo, na kalamu inaonekana kabisa. Kuna mabinti wanafanya kazi saluni nyingine wanaitazama na kuiga sasa hivi. Aifute, au arudi na video ya fundi akibadilisha. Makopa atapata vile vile.

Wadau, funguka hapo chini: saluni unayosukwa soketi zina kalamu au hazina? Na nani bado anaitetea ekstensheni ya kimataifa?