Ihefu na haki ya jirani wa chini ya mto

  

Ndugu zangu katika imani, kila inapotajwa habari ya kukauka kwa Mto Ruaha Mkuu, lawama hugawanywa upesi. Mkulima humlaumu mfugaji, mfugaji humlaumu mkulima, na wote wawili huilaumu Serikali. Inafaa tulitazame jambo hili kwa mizani ya dini yetu, kwani Uislamu haukuacha suala la maji bila hukumu.

Mto huu huanzia milima ya Uporoto na Kipengere. Maji yake, pamoja na ya mito kama Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, hukutana katika bonde la Usangu na kutanda kwenye ardhi oevu ya Ihefu. Huko mwendo wa maji hupungua, tope hutuama, na matete hufyonza sehemu ya mbolea iliyotoka mashambani. Kisha maji hutoka kwa mlango mmoja, kizingiti cha mwamba cha Ng'iriama. Kina cha Ihefu kikishuka chini ya mwamba huo, mto hukatika.

Ndivyo ilivyotokea kiangazi cha mwaka 1993, na hali hiyo ikajirudia miaka iliyofuata. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko walibanana katika madimbwi machafu na samaki wakafa. Mbele zaidi yapo mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kisha Mto Rufiji na watu wake.

Mwaka 2001, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji na ng'ombe wao wakaanza kuondolewa Usangu, wengi wakielekea Lindi na Pwani. Mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2010 ukafika na kupita, na mto ukaendelea kukauka wakati wa kiangazi.

Kwa nini? Kwa sababu kuwaondoa watu bondeni hakufungi milango ya mifereji iliyo juu. Kilimo cha mpunga kilipanuka sana, kuanzia shamba la Mbarali miaka ya 1970, kisha Kapunga na Madibira, pamoja na majaruba ya wakulima wadogo. Mpunga ni riziki ya halali, na wengi wetu tumelelewa nao. Lakini mifereji mingi iliachwa wazi hata baada ya mavuno, maji yakamwagika katika mashamba yasiyo na zao na kupotea juani, katika miezi ileile ambayo Ihefu iliyahitaji zaidi.

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kwamba Zubayr (R.A.) na mtu mmoja wa Ansari waligombania mfereji wa kunyweshea mitende. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Zubayr, aliyekuwa juu, anyweshe, kisha amwachie maji jirani yake. Katika hukumu nyingine, iliyopokewa na Abu Dawud, wa juu huyazuia maji mpaka yafike vifundoni, kisha huyaachia. Basi kutangulia kuyafikia maji si kuyamiliki, na haja ikitimia, yanayobaki ni ya wa chini.

Na wa chini si mwanadamu peke yake. Qur'ani (6:38) inatufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi. Kiboko anayekufa dimbwini hana pa kushtaki duniani, lakini anaye Mola wake.

Wala dini haituruhusu kuhifadhi ardhi kwa kumdhulumu mnyonge. Sayyidna Umar (R.A.), alipoweka eneo la malisho lililohifadhiwa, alimwamuru msimamizi wake awaruhusu wenye mifugo michache na kuizuia mifugo ya matajiri. Tumejiuliza mara ngapi, katika habari ya Usangu, ni nani aliyezuiwa na ni nani aliyeruhusiwa?

Yapo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Jumuiya za watumia maji zihakikishe milango ya mabanio inafungwa baada ya mavuno, na maji yanayotoka majarubani yanarudishwa mtoni. Tuheshimu mita 60 za kando ya mto, zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tusioshe mabomba ya dawa za mimea mferejini, kwani kuna mama anayeteka maji ya kunywa mbele yetu. Nao viongozi wakumbuke kwamba ahadi kwa raia ni amana.

Enyi wazazi, tunawafundisha watoto wetu kutofanya israfu ya maji katika udhu. Tuwafundishe pia kwamba mfereji ulioachwa wazi bila haja ni israfu hiyohiyo, na kwamba anayekosa maji kwa ajili yake ana haki atakayoidai mbele ya Allah.