Doctor Who: Kila zama na kitabu chake

Oktoba 2025, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilitangaza kwamba kampuni ya Disney ya Marekani haitaendelea kuchangia gharama za tamthilia ya Doctor Who. Ubia wao ulikuwa umezaa misimu miwili, wa 2024 na wa 2025, pamoja na vipindi kadhaa maalumu. BBC ilisema tamthilia haifi, na ikaahidi kipindi maalumu cha Krismasi ya 2026 kitakachoandikwa na Russell T Davies.

Tangu hapo mabishano ya wapenzi wake hayajapoa. Kuna wanaosema tamthilia iliharibika siku ilipopata fedha nyingi. Wengine wanasema iliharibika pale mhusika mkuu alipokuwa mwanamke, na wazee wao wanasema iliisha tangu 1989. Kila mmoja anataka irudi kwenye zama anazozipenda yeye, na zilizobaki zifutwe.

Msikilizaji wetu, hata kama hujawahi kuitazama, mabishano haya yanakuhusu kuliko unavyodhani, kwa sababu tamthilia hii iliwahi kufutwa kwelikweli, na sehemu kubwa ya kilichookolewa ni sauti.

Doctor Who ni nini?

Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi kuhusu msafiri aitwaye Doctor, anayetoka sayari nyingine. Anasafiri kwenda zama zilizopita na zijazo kwa chombo kiitwacho TARDIS. Kwa nje kinafanana na vibanda vya bluu vya simu vya polisi wa Uingereza wa zamani, lakini kwa ndani ni kikubwa kuliko kinavyoonekana. Hana bunduki. Silaha yake ni akili na maneno.

Ilirushwa mara ya kwanza tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani, na siku 19 kabla ya uhuru wa Kenya. Ni tamthilia iliyoanza kabla Tanzania haijaitwa Tanzania.

Imeishi hivyo kwa ujanja mmoja. Mwaka 1966 mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, afya yake ilizorota. Badala ya kuifunga hadithi, watengenezaji walisema Doctor akikaribia kufa hubadilika mwili na sura, akawa mtu mpya mwenye kumbukumbu zilezile. Ndiyo maana tunaweza kuihesabu kwa awamu, kama tunavyohesabu uongozi wa nchi.

Awamu za mwanzo: nguvu ya kutokuwa na kitu

Mzalishaji wa kwanza alikuwa Verity Lambert, mwanamke kijana katika idara iliyojaa wanaume. Mwongozaji wa hadithi ya kwanza alikuwa Waris Hussein, mzaliwa wa India. Fedha zilikuwa kidogo na studio finyu, kwa hiyo walitegemea sauti.

Sisi watu wa redio hapa tunavua kofia. Ron Grainer aliandika muziki wa utangulizi, lakini aliyeutengeneza ni Delia Derbyshire, katika karakana ya sauti ya BBC. Alirekodi sauti moja moja kwenye utepe, akazikata na kuziunganisha kwa mkono. Mlio wa TARDIS ulitengenezwa na Brian Hodgson kwa kukwaruza waya wa piano kuukuu kwa ufunguo wa nyumba. Mlio huo bado unatumika.

Hartnell alitupa mzee mkali anayejifunza huruma polepole. Patrick Troughton, aliyemfuata hadi 1969, alithibitisha kwamba mtu mwingine anaweza kuivaa nafasi ileile bila kumwiga aliyemtangulia. Bila yeye kusingekuwa na awamu ya tatu.

Miaka ya 1970: matatizo ya dunia

Mwaka 1970 rangi ziliingia, na ili kubana matumizi hadithi nyingi zikaletwa duniani. Jon Pertwee akawa Doctor anayehangaika na viwanda, majeshi na serikali. Katika hadithi ya mwaka 1973 iitwayo The Green Death, kampuni ya kemikali inamwaga sumu kwenye mgodi wa zamani huko Wales, na wachimbaji wanaanza kufa. Wanaoishi jirani na mgodi hawahitaji kutafsiriwa hadithi hiyo.

Tom Baker alishika nafasi hiyo kuanzia 1974 hadi 1981, muda mrefu kuliko mwigizaji mwingine yeyote katika televisheni. Katika hadithi ya 1975 kuhusu chimbuko la maadui wake wakubwa, Dalek, Doctor anashika nyaya mbili mkononi. Akizigusanisha, uzao wote wa Dalek hautatokea. Anasita, anajiuliza kama ana haki ya kufanya hivyo. Kipindi cha familia cha Jumamosi jioni kiliwauliza watoto swali ambalo watu wazima wanalikwepa: je, uovu wa adui unakupa ruhusa ya kufuta kizazi chake?

Miaka ya 1980: awamu iliyodharauliwa

Hapa ndipo wengi huruka. Peter Davison alikuwa Doctor kijana anayeweza kushindwa. Mwaka 1982 mwenzake wa safari, kijana aitwaye Adric, alikufa na hakurudi. Alipofuata Colin Baker, BBC iliisimamisha tamthilia kwa miezi 18, na baadaye akaondolewa. Sylvester McCoy alipangiwa muda uleule na Coronation Street, tamthilia maarufu ya kituo shindani. Mwaka 1989 uzalishaji ukasimama.

Lakini tazama kilichopandwa humo. Katika misimu ya mwisho ya McCoy, mwenzake Ace, msichana wa mtaa wa kawaida wa London, alipewa maisha, hasira na historia yake mwenyewe. Tamthilia iliporudi mwaka 2005 ilianza na Rose, msichana muuza duka anayeishi kwenye maghorofa ya watu wa kipato cha chini. Mbegu ilikuwa ileile.

Colin Baker naye alipata haki yake kwenye sauti. Kuanzia 1999 kampuni ya Big Finish ilitoa michezo ya kusikiliza ya Doctor Who ikiwa na waigizaji wenyewe. Bila lile koti la rangi nyingi lililochekwa kwenye televisheni, watu walimsikia mwigizaji, na wengi wakabadili maoni yao.

Walioibeba wakati wa ukame

Ukiacha filamu moja ya mwaka 1996 iliyomtambulisha Paul McGann, kulikuwa na miaka 16 bila Doctor Who mpya ya kudumu kwenye televisheni. Wapenzi wake waliendelea kuandika vitabu na kurekodi michezo ya sauti. Mmoja wa waandishi wa vitabu hivyo alikuwa Russell T Davies, yuleyule aliyeirudisha mwaka 2005.

Awamu yake, akiwa na Christopher Eccleston kisha David Tennant, iliweka mama, baba na majirani ndani ya hadithi za anga. Steven Moffat, akiwa na Matt Smith na Peter Capaldi, aliufanya muda wenyewe kuwa fumbo; katika kipindi kimoja cha 2015 Capaldi yuko karibu peke yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Chris Chibnall aliongoza kuanzia 2018 akiwa na Jodie Whittaker, mwanamke wa kwanza kuwa Doctor mkuu. Walirudi kwenye kazi ya awamu ya kwanza, yaani kufundisha historia. Kipindi kimoja kilikwenda Montgomery, Marekani, mwaka 1955, kwa Rosa Parks. Kingine kilikwenda Punjab mwaka 1947, siku India ilipogawanywa na majirani wakageukiana.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa. Mwaka 1986 kijana mmoja alionekana kwenye kipindi cha BBC akiwalaumu waandishi wa Doctor Who wa wakati huo. Alikuwa Chris Chibnall. Miaka 30 na ushee baadaye, lawama zikamwelekea yeye.

Kisha akaja Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda mwaka 1992, ambaye familia yake ilikimbilia Scotland wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Doctor ni mtu asiye na kwao, ambaye watu wake wameangamia. Wasikilizaji wetu wa Ngara, walioshuhudia maelfu kwa maelfu wakivuka daraja la Rusumo mwaka huohuo, wataelewa kwa nini Gatwa alipoyatamka maneno hayo yalikuwa na uzito mwingine.

Kilichofutwa

Sasa turudi kwenye hoja tuliyoanza nayo. Hadi miaka ya 1970 BBC ilikuwa ikifuta kanda za vipindi vyake. Utepe ulikuwa ghali, rafu zilikuwa zimejaa, na ilipokuja rangi wakubwa waliona picha nyeusi na nyeupe hazina mtazamaji tena. Hawakuwa na nia mbaya. Waliamini tu kwamba zama mpya zimefanya za zamani zisiwe na maana.

Leo zaidi ya vipindi 90 vya miaka ya 1960 havina picha. Kile kipindi ambacho Doctor alibadilika sura kwa mara ya kwanza ni kimojawapo. Mabadiliko yenyewe yamebaki kama kipande kifupi, kwa sababu kilikuwa kimetumika katika kipindi kingine cha watoto.

Lakini sauti zipo, za vipindi vyote. Zipo kwa sababu watoto na vijana wa wakati ule waliweka vinasa sauti vyao karibu na televisheni nyumbani, wakarekodi. Na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vilivyopotea vimepatikana Afrika, katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Nakala iliyouzwa nje ya nchi ilikuwa imeishi kuliko ile ya nyumbani.

Maana yake kwa sasa

Tunavyoona sisi, kuondoka kwa Disney si kifo. Tamthilia hii imewahi kuishi bila fedha, na imewahi kuishi bila televisheni kabisa. Hatari yake halisi ni watu wake wenyewe kukubaliana kwamba awamu fulani ni takataka. Kila ilipofufuka, ilifufuliwa na mtu aliyependa kile ambacho wengine walikidharau.

Kusema hivi si kusema kila kipindi kilikuwa kizuri. Vibaya vipo, katika kila awamu. Ila awamu haipimwi kwa siku yake mbaya. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Nasi tuna zetu. Ziko michezo ya redio ya zamani, ngonjera, na sauti za wazee wakisimulia, zilizobaki kwenye kaseti ndani ya masanduku na juu ya makabati. Ukiwa nayo kaseti ya namna hiyo, usirekodi juu yake na usiitupe. Icheze karibu na simu yako mahali palipo kimya, uirekodi, kisha uwatumie watoto wako na ndugu wawili watatu nao waitunze.